Kura ya "Mtu Wetu"

Kila sifa itolewayo hadharani hutegemea ushahidi, na thamani yake haiwezi kupita thamani ya ushahidi huo. Mtu akiitwa hodari na watu mia waliomwona akifanya kazi, amepata sifa ya kweli. Akiitwa hodari na watu laki moja ambao hawakumwona hata siku moja, amepata kelele. Nayasema haya mapema kwa kuwa jambo nililokusudia kulipinga katika insha hii limevaa nguo nzuri ya mapenzi ya nyumbani, na yeyote alisemaye vibaya huhesabiwa kuwa adui wa watu wake. Jambo lenyewe ni desturi ya kumpigia kura mwigizaji wa televisheni kwa sababu moja tu, kwamba ni mtu wetu.

Kamisheni ya Filamu ya Kenya iliundwa mwaka 2005. Mwaka 2009 ilianzisha tuzo ziitwazo Kalasha kwa ajili ya filamu na michezo ya televisheni. Hutunzwa waigizaji wa kike na wa kiume, waongozaji, waandishi wa michezo, wapiga picha, wahariri wa picha na mafundi wa sauti. Ni jambo jema. Nchi isiyowatunza mafundi wake huwafundisha vijana kwamba ufundi ni kazi bure. Washindi hutafutwa kwa njia mbili: wako waamuzi wenye ujuzi ambao hutazama na kupima, na umma nao hualikwa kupiga kura. Hapa katika njia hii ya pili ndipo penye maneno yangu.

Msimu wa kura ukiwadia, nasi huku Kitui na Makueni hufikiwa na mwaliko. Habari hutoka simu moja kwenda nyingine, kutoka Mwingi mpaka Mutomo, kutoka Wote mpaka Mtito Andei. Aghalabu maneno yake ni machache: fulani ni mtoto wa nyumbani, ametajwa katika tuzo, tusimwangushe. Haielezwi alicheza nini. Haielezwi anashindana na nani. Jina la kwetu latosha. Mpokeaji hubonyeza simu yake, hupeleka habari ile kwa wengine kumi, kisha hujiona ametimiza wajibu mkubwa, ingawa yamkini hajapata kuutazama mchezo unaohusika hata kwa dakika tano.

Niliwahi kuliuliza darasa langu la kidato cha tatu swali jepesi. Walikuwa wamemsifu kwa moyo mmoja mwigizaji mmoja wa huku kwetu, nami nikataka wanieleze ni tendo gani la uigizaji wake lililowapendeza. Wengi walinyamaza. Kijana mmoja akasema kwamba mtu yule anatoka karibu na kwa shangazi yake. Msichana mmoja tu, aliyekaa dirishani, alieleza jinsi yule mwigizaji alivyopokea habari za msiba bila kulia, akaendelea kukunja nguo za marehemu pole pole, moja baada ya moja, mpaka watazamaji wakalia kwa niaba yake. Darasa zima liligeuka kumtazama. Kwa maneno yale machache msichana yule alimheshimu mwigizaji wetu kuliko kura zote za wenzake.

Tazameni jinsi tunavyofanya katika mambo tuyajuayo sana. Mnunuzi wa maembe sokoni Wote hulishika embe, hulinusa, huligeuza upande wa pili aone kama lina doa. Mnunuzi wa asali ya Mwingi huonja kwanza. Mama wa Kitui akinunua kiondo kibovu kwa kumhurumia msusi, hujua moyoni mwake kwamba amefanya hisani. Haendi kukitangaza kuwa ndicho kiondo bora katika Kenya nzima. Katika mwethya, yaani kazi ya ujima ambayo kwayo wazee wetu walichimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, mtu alipimwa kwa mtaro aliouchimba. Mvua iliponyesha, tuta lililochimbwa kwa uvivu lilibomoka, na maji hayakujali ukoo wa mchimbaji. Basi kama tunajua kupima embe, asali, kiondo na tuta, kwa nini tukifika kwenye mchezo wa kuigiza tunafumba macho na kuuliza jina la kijiji?

Huenda mtu akadhani kwamba sanaa ya kuigiza yenyewe ina ukabila ndani yake, na kwamba mwigizaji hawezi kueleweka ila na watu wa lugha yake. Namkumbusha habari za Mzee Ojwang. Mzee huyu, aliyefariki mwezi wa Julai mwaka 2015, aliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi katika mchezo wa Vitimbi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Lakini mtu aliyemwigiza alikuwa Mjaluo kwa jina, kwa lafudhi na kwa mwenendo, hata watazamaji wengi waliishi miaka na miaka wakiamini kwamba ndivyo alivyozaliwa. Hebu niambieni, desturi ya "mtu wetu" ingemfanya nini mtu kama huyu? Wakikuyu wangemwacha kwa sababu ya lafudhi, Wajaluo wangemwacha kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa, nasi Wakamba tungemwacha kwa sababu hizo zote mbili. Mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa nchi hii angerudi nyumbani mikono mitupu. Ufundi wake ulikuwa huo hasa wa kuvuka mpaka wa kabila bila watu kuuona mpaka wenyewe. Atakayempima mwigizaji kwa kabila anampima kwa kitu kile kile ambacho mwigizaji mwema hukivua kabla ya kuingia jukwaani.

Chukueni mfano mwingine. Mwaka 2012 ilitoka filamu iitwayo Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Yasimulia habari za kijana wa mashambani aliyekwenda Nairobi akitamani kuwa mwigizaji, akaangukia katika maisha ya wezi. Joseph Wairimu, aliyemwigiza kijana huyo, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban, Afrika ya Kusini, mwaka huo huo. Waamuzi wa Durban hawakuwa jirani zake wala jamaa zake. Walimwona akicheza, wakasema: huyu ndiye. Sifa ile ilimfaa kwa sababu ilitoka kwa watu wasiomdai wala kudaiwa naye. Mtu aweza kuibeba sifa ya namna hiyo popote duniani, na hakuna atakayemuuliza kama waliompa walikuwa binamu zake.

Hapa ndipo ulipo ubaya wa kwanza wa kura ya "mtu wetu". Humdhulumu yule yule anayedaiwa kusaidiwa. Tuseme yuko kijana wa Kibwezi au wa Kyuso aliye hodari kweli kweli, aliyejifunza kwa taabu, aliyestahili kushinda hata kama angezaliwa mahali pengine. Tukimpigia kura kwa ukabila akashinda, ushindi wake utaingia doa. Washindani wake watasema alipewa na jamaa zake, na sisi hatutakuwa na jibu, maana kweli tulimpa kwa ujamaa. Tumechukua dhahabu yake tukaipaka rangi ya shaba. Ikiwa hakustahili, tumemwumiza zaidi, kwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ataona hapana haja ya kujifunza tena. Madhali nyumbani wako wa kubonyeza simu, kuna haja gani ya kukesha akisoma maneno ya mchezo?

Ubaya wa pili ni wa hesabu, nao yafaa usikilizwe hata na wale wasiojali haki. Kwa sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Jumla yao ni 2,123,840 katika nchi ya watu 47,564,296; yaani, katika kila Wakenya ishirini na wawili hivi, mmoja tu ni wa kaunti zetu mbili. Wakamba wote popote walipo katika Kenya walihesabiwa 4,663,910. Wakikuyu, Waluhya, Wakalenjin na Wajaluo, kila kabila kwa upande wake, walituzidi. Basi ikiwa tuzo zitakuwa mashindano ya kabila na kabila, sisi tunaingia uwanjani tukiwa wa tano. Mtu mwenye akili hachagui mchezo ambao ameshindwa kabla ya filimbi kulia. Na tukilalamika kwamba tumezidiwa idadi, Waelmolo wa Ziwa Turkana, ambao hata 2,000 hawakufika katika sensa hiyo, waseme nini? Mtoto wa Kielmolo akizaliwa na kipawa kuliko vipawa vyote, kwa sheria hii ya kuhesabu vichwa hatashinda mpaka mwisho wa dunia. Sheria inayomfungia mlango mtoto huyo haiwezi kuwa ya haki siku itakapotufungulia sisi.

Ubaya wa tatu hauonekani upesi. Kura ya "mtu wetu" hufuata sura na kusahau mikono. Mchezo wa televisheni hufanywa na watu wengi, na wengi wao hatuwaoni kabisa. Yuko aliyeandika maneno. Yuko aliyepanga taa hata uso wa mwigizaji ukaonekana kama uso wa mtu mwenye siri. Yuko aliyenasa sauti, akaondoa kelele za upepo na za magari. Yuko aliyekata na kuunganisha picha, akajua ni wakati gani hasa wa kutuacha tusubiri. Hawa nao wana nafasi zao katika tuzo. Je, mmewahi kupokea habari ya kuwahimiza mumpigie kura fundi wa sauti wa kutoka Ikutha? Mimi sijapokea. Fundi huyo hana uso wa kujivunia mbele ya majirani, kwa hiyo hana "watu". Hii yaonyesha kwamba tunachokipenda ni fahari yetu wenyewe; mchezo ni kisingizio.

Sasa niwajibu wale wenye kunipinga, maana wapo na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza husema, "Kila kabila lafanya hivyo. Tukiacha peke yetu, tutapotea." Hoja hii ingekubaliwa, isingebaki dhambi hata moja duniani, maana kila mkosaji aweza kumwonyesha mwenzake. Aidha yafaa tukumbuke yaliyotokea Marekani. Huko tuzo za filamu za Oscar, zilizoanza mwaka 1929, huamuliwa na watu wa kazi yenyewe, na waigizaji ndio wanaowateua waigizaji. Hata hivyo, mwaka 2015 na tena mwaka 2016, nafasi zote 20 za waigizaji walioteuliwa zilikwenda kwa Wazungu. Watu wa mataifa mengi, nasi Waafrika tukiwamo, tulisema kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na kwamba hiyo ni aibu. Tulisema kweli. Lakini je, twaweza kuliita jambo aibu likitendwa Hollywood, na kuliita uzalendo likitendwa Kitui? Haki ni mizani moja. Anayebeba mizani miwili, mmoja wa kununulia na mwingine wa kuuzia, sokoni huitwa mwizi.

Wa pili husema, "Sisi tumesahauliwa. Kamera ziko Nairobi, sherehe ziko Nairobi, fedha ziko Nairobi. Huku twakumbukwa wakati wa ukame tu. Tusipowapigania watoto wetu, nani atawapigania?" Msemaji huyu nampa mkono. Malalamiko yake ni ya kweli. Ni mara nyingi picha za Ukambani katika televisheni huwa ni mto mkavu, punda mwenye mitungi na mama anayengoja chakula cha msaada, kana kwamba huku hakuna anayependa, anayecheka, anayedanganya wala anayesamehe. Lakini dawa aliyoitaja haiponyi ugonjwa wake. Kura elfu hamsini za simu haziandiki mchezo hata mmoja juu ya maisha ya Mbooni. Hazinunui kamera, wala hazimfundishi mwandishi wa Kilungu jinsi ya kuyajenga mazungumzo. Mwaka unaofuata tutabaki pale pale, ila tutakuwa na picha ya mtu mmoja ameshika tuzo.

Wa tatu hucheka na kusema, "Mwalimu, hizi ni tuzo za michezo tu. Kwa nini unazifanya jambo kubwa?" Huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Mazoea hayana jambo dogo. Kijana wa miaka kumi na mitano anayejifunza kupiga kura bila kutazama kazi, kwa kufuata jina na asili, atatimiza miaka kumi na minane na kukabidhiwa kura nyingine. Siku hiyo hatachagua mchekeshaji. Atachagua mtu wa kutunza maji, barabara, hospitali na fedha za umma. Mkono wake utakuwa umekwisha kuzoea njia yake. Kenya imeona mwisho wa njia hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliuana kwa sababu ya makabila yao, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa 1,133. Sisemi kwamba tuzo za televisheni huua watu. Nasema kwamba fikira ya "mtu wetu kwanza, sifa zake baadaye" ni fikira moja, iwe katika jambo la kicheko au katika jambo la damu, na ni rahisi kuing'oa ikiwa bado mche.

Tufanyeje basi? Sitaki kubomoa bila kujenga.

Kwanza, kila mmoja wenu ajiulize maswali matatu kabla ya kupiga kura. Je, nimeitazama kazi hii? Je, nimewatazama na washindani wake, angalau wawili? Je, naweza kueleza sababu ya kumchagua huyu bila kutaja mahali alipozaliwa, lugha yake au jina la baba yake? Ukishindwa na swali moja katika hayo, weka simu mfukoni. Kura isiyopigwa si dhambi. Kura iliyopigwa kwa upofu ni ushahidi wa uongo, hata kama hakuna hakimu wa kukuapisha.

Pili, tudai haki yetu ya kutazama. Mtu wa kijiji kisicho na umeme, au asiyekuwa na fedha za kulipia mtandao, ataitazamia wapi filamu iliyoteuliwa? Yafaa kazi zinazoshindaniwa zipelekwe kuonyeshwa Kitui, Mwingi, Wote na Makindu, katika kumbi za umma na katika shule, kabla ya kura kufunguliwa. Kumwalika mtu apige kura juu ya kitu ambacho hakuweza kukiona ni kumsukuma kwa nguvu kwenye ukabila, kwa sababu hana kipimo kingine cha kutumia. Hili ni dai la haki, nalo lingetufaa kuliko kampeni zote za simu.

Tatu, tufanye kazi. Kila mwaka liko Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la shule na vyuo. Hapo mwanafunzi wa Kitui hushindana na mwanafunzi wa Kisumu mbele ya waamuzi wanaoandika sababu za uamuzi wao, na aliyeshindwa huambiwa ameshindwa wapi. Andikeni. Mnayo mambo ya kuandika ambayo Nairobi haiyajui: kijana anayevuna mchanga mtoni usiku, ilhali mama yake ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kulinda mto, mzee mchonga vinyago ambaye wanawe hawataki patasi yake, msichana aliyerudi kutoka kazi za nyumbani ughaibuni akiwa na fedha na siri. Mchezo mmoja mzuri katika hayo utawalazimisha hata wasiotupenda kututazama. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ikitokea mmoja wenu, kwa jasho lake, akafika katika ukumbi wa tuzo siku moja, namwombea ashinde kwa kura za watu wa Lamu, wa Turkana, wa Kakamega na wa Nyeri waliomtazama wakapendezwa, na waamuzi wasiojua Mbooni iko upande gani. Nasi huku nyumbani tutashangilia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kushangilia ni haki ya jamaa. Kuamua nani bora tumwachie aliyetazama.